Hisa za mnunuzi wa tumbaku wa Marekani, gawio asilimia sita: niingie au nikae pembeni?

KijanaWaIsevya

Wakuu, heshima kwenu. Niko Tabora mjini, Isevya, nauza vipuri vya pikipiki na baiskeli. Mzee wangu analima tumbaku ya mvuke Sikonge, na mimi nimekulia kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, kwa hiyo jani nalijua. Hisa ndiyo siijui.

Iko hivi. Shemeji yangu, mume wa dada, yuko North Carolina miaka mingi. Juzi kanipigia simu, ana akaunti kwa dalali wa hisa huko, anasema kuna kampuni inaitwa Universal Corporation, makao yake Richmond, Virginia, imeanza mwaka 1918. Kazi yao ni kununua tumbaku kwa wakulima nchi mbalimbali, kuichakata, kuifungasha na kuwauzia wenye viwanda vya sigara. Sigara hawatengenezi. Hisa moja inacheza dola 50 na kitu. Gawio, yaani fungu la faida wanalopewa wenye hisa, lililotangazwa 2025 ni dola 3.28 kwa mwaka, wanalitoa mara nne, senti 82 kila robo. Nikipiga hesabu inakuja kama asilimia sita, na ni kwa dola. Shemeji anasema hilo gawio limeongezwa kila mwaka kwa zaidi ya miaka 50, hawajawahi kuruka.

Anataka nimtumie dola 2,000 aninunulie. Kwangu hiyo si hela ya kujaribia, ni mzigo mzima wa matairi na minyororo.

Nilipomweleza mzee akaniuliza kitu kimoja tu: "Kama hao wanapata asilimia sita kwa jani letu, mbona sisi wenye jani tunabaki na deni la mbolea?" Sikuwa na jibu.

Naomba mnieleweshe, kampuni ya namna hii inapimwaje? Nimefungua ripoti yao ya mwaka, kurasa zaidi ya mia, maneno mengi, nikaifunga. Na kama kuna mtu hapa anaijua biashara ya jani kwa ndani, aongee kwa lugha yetu.

Mtu wa Ipuli

Kijana, peleka hela UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ulale usingizi. Sigara dunia nzima inapigwa vita, wewe ndiyo unaingia? Na shemeji ni shemeji, leo mnacheka, kesho kagombana na dada yako.

Karani Mstaafu, Urambo

Mwangaluka kijana. Mimi nilikuwa karani wa chama cha msingi huku Urambo, baadaye katibu, mpaka macho yakaanza kugomea daftari. Hisa nilizianza na za TCC, kampuni ya sigara ya hapa nchini, zilipouzwa kwa wananchi mwaka 2000, na tangu hapo ripoti za kampuni za tumbaku nazisoma kwa raha zangu, mke wangu anashangaa. Nitakujibu kwa maneno ya sokoni, umekulia kwenye bani, hutapotea.

Hiyo asilimia sita iweke kando kwanza. Anayeanza na gawio ni sawa na mteuzi anayetoa daraja kwa kuangalia kamba ya robota, ule mzigo wa jani uliofungwa, bila kulifungua.

Tulifungue basi. Mwaka wao wa fedha unaisha 31 Machi. Ule ulioishia Machi 2025 waliuza kwa dola bilioni 2.95 hivi, na faida iliyobaki kwa wenye hisa ilikuwa dola milioni 95. Maana yake katika kila dola 100 iliyoingia, zilizobaki ni tatu na senti chache. Jibu la mzee wako liko hapo: asilimia sita ni ya bei ya hisa, si ya mauzo ya jani. Kwenye jani lenyewe wanapata kidogo, wanachokifanya ni kulizungusha kwa wingi. (Habari ya deni la mbolea ni kesi nyingine, na mimi nimeiandika kwenye daftari miaka mingi, tusiifungue leo.)

Sasa biashara inayobakiza tatu katika mia haina nafasi ya kukosea, na pa kukosea ni ghalani. Angalia mzunguko wake. Ananunua jani kwa mkulima, analipa sasa. Kabla ya hapo keshatoa pembejeo au kadhamini mkopo wa pembejeo. Jani linakwenda kiwandani, linachambuliwa, linatolewa vikonyo, linakaushwa upya, linapakiwa kwenye maboksi, linakaa. Mwenye sigara analichukua miezi mingi baadaye, ndipo analipa. Muda wote huo hela iliyolala ndani ya jani ni ya kukopa. Kwa hiyo usimwone kama mkulima wala kama mwenye kiwanda. Ni mwenye ghala anayelipa riba.

Ndiyo maana bei ya jani ikipanda duniani, watu wanadhani kampuni inashangilia. Si lazima. Jani lile lile, kilo zile zile, sasa linataka hela nyingi zaidi ya kulinunua, na hela hiyo ina riba. Mwanzoni mwa 2022 riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Katikati ya 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Ghala lile lile, deni lile lile, malipo mengine kabisa. Mwaka wa namna hiyo unaweza kuona faida kwenye karatasi na hela taslimu huioni. Kwa hiyo usiishie kwenye ukurasa wa faida, nenda kwenye ukurasa wa mtiririko wa fedha.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Dar wanalisoma wanalipita, sisi wa Tabora tunalielewa hata usingizini. Unakumbuka 2017? Wakulima walilima kupita makisio, yaani kilo walizopangiwa na wanunuzi kabla ya msimu. Tumbaku ya makisio ilikuwa na mkataba, ikanunuliwa. Iliyozidi makisio ikabaki kwenye maghala ya vyama haina mwenyewe, kila siku viongozi wanakwenda Dodoma kubembeleza, jani linazidi kukauka na kupoteza uzito. Jani lilikuwa lile lile, la shamba moja, bani moja. Tofauti ilikuwa moja tu: hili lina mnunuzi, lile halina.

Kampuni nayo ina makisio yake. Sehemu kubwa ya jani lililoko ghalani kwake tayari lina oda ya mteja. Sehemu nyingine amenunua kwa matumaini. Kwenye ripoti yao wanatenga kiasi hicho wazi kabisa, tafuta neno uncommitted, litakupeleka penyewe. Miaka ya karibuni limekuwa likicheza karibu na asilimia 20 ya jani lote au chini yake. Mimi nikiona limepanda mwaka ambao dunia imevuna sana, napumua kwa nguvu. Nikiona limepanda mwaka wa uhaba, sina wasiwasi, atalipatia mteja.

Na dunia imevuna vipi? Chukua Zimbabwe peke yake. 2023 walivuna kilo milioni 296, rekodi kwao wakati huo. 2024 ukame wa El Niño ukawashusha mpaka kama milioni 230. 2025 wakaruka wakapita milioni 350. Sisi wenyewe Tanzania msimu wa 2022/23 tulipita tani 120,000. Brazil nao wapo. Uhaba wa 2024 ulifanya jani litafutwe. Mavuno ya 2025 ndiyo yanayoniweka macho. Jani likijaa duniani, mwenye sigara hana haraka ya kuweka oda, na aliyejaza ghala bila oda anabaki nalo.

Nikwambie pia kisa cha jirani yake, maana hapo ndipo utaelewa kwa nini nakuzungushia habari ya ghala na deni. Wanunuzi wakubwa wa jani wenye hisa sokoni Marekani walikuwa wawili. Mmoja ni huyo wa shemeji yako. Wa pili ni kampuni mama ya Alliance One, hii yenye kiwanda Morogoro. Ilizaliwa 2005 kwa kuunganisha DIMON na Standard Commercial. Wateja ni wale wale, nchi ni zile zile, jani ni lile lile la Urambo na Malawi na Brazil. Ila ilibeba deni zito tangu kuzaliwa. 2018 ikabadili jina ikawa Pyxus, ikaingia kwenye bangi ya Kanada na vimiminika vya sigara za umeme, ikitafuta faida ya haraka kuliko ya jani. Juni 2020 ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Biashara ya jani ikaendelea chini ya kampuni mpya, wakulima wakaendelea kuuza, lakini hisa za zamani zilifutwa. Mtu aliyekuwa nazo aliondoka karibu mikono mitupu.

Kwa hiyo biashara moja, miaka ile ile, mmoja anaongeza gawio, mwingine anafutwa. Mavuno hayawezi kueleza tofauti hiyo. Deni ndilo linaloieleza, na kiburi cha kukimbilia yasiyo kazi yake.

Universal nao wametoka nje ya tumbaku, ila kwa mwendo wa kinyonga. Januari 2020 walinunua FruitSmart, watu wa juisi na matunda. Mwaka huo huo Silva, wa mboga zilizokaushwa. 2021 Shank's, wa vanila na vionjo. Bado jani ndilo linalowalisha. Hiyo sehemu mpya mimi naiangalia kwa jicho moja, bado haijanishawishi.

Nimechoka kuandika kwenye simu, nitarudi jioni. Bado sijasema habari ya Msumbiji.

Mfuga Nyuki, Sikonge

Karani ameeleza vizuri ila kila mtu anahesabu dola, kuni hazihesabiwi. Mimi nina mizinga kwenye miombo, naona kila msimu miti inavyokwenda kwenye mabani. Wenye sigara wakubwa siku hizi wanataka kujua jani limekaushwa kwa kuni za wapi na kama kuna mtoto aliyefanya kazi shambani. Mnunuzi lazima aweke maafisa ugani, agawe miche, aandike kila mkulima. Hiyo ni gharama, na ipo humo humo kwenye dola tatu za karani.

Karani Mstaafu, Urambo

Umesema kweli jirani, na kuna upande wa pili wake. Gharama hiyo ndiyo inayomfanya mwenye sigara amhitaji mnunuzi wa jani. Kufuatilia wakulima maelfu wa Kaliua mti kwa mti si kazi ya ofisi ya Geneva au London. Ila si kila mwenye sigara anaona hivyo. Japan Tobacco mwaka 2009 walinunua kampuni za jani za Afrika na Brazil wakaanza kujinunulia wenyewe, na hapa Tabora tunawaona. Mteja wa aina hiyo akijitosheleza, mnunuzi wa katikati amepoteza mteja ambaye hana mbadala wake, kwa sababu wateja wenyewe wanahesabika kwa vidole. Kwenye ripoti wanawataja wateja wakubwa kwa sehemu ya mauzo. Soma hapo.

Msumbiji sasa. Novemba 2024 Universal walichelewesha ripoti ya robo mwaka, wakasema kuna uchunguzi wa ndani kuhusu ubadhirifu kwenye kampuni yao tanzu ya huko. Baadaye ripoti zikatoka, maisha yakaendelea. Mchambuzi wa New York ataandika sentensi mbili. Mimi niliyekaa kwenye chama cha msingi najua maana yake. Biashara hii inafanyika mbali na makao makuu, vijijini, kwenye mizani, kwa vocha, kwa mikopo ya pembejeo inayoandikwa kwa majina ya watu ambao Richmond hawatawaona maisha yao yote. Palipo na mizani, mkopo na umbali, mwizi ana kazi. Na 2010 hao hao, pamoja na Alliance One, walimalizana na mamlaka za Marekani katika kesi za hongo kwa maafisa wa nchi za nje. Sisemi ukimbie. Nasema bei ya hisa ya biashara hii lazima iwe na punguzo la mambo hayo, na asiyetaka punguzo hilo akanunue hisa za benki.

Na mzee wako huenda anaijua kampuni hii kwa jina jingine. TLTC ya Morogoro, waliokuwa wakinunua jani huku, ilikuwa tanzu yao, iliacha kununua 2018. Ukifungua ripoti ya mwaka uliofuata utakuta wameandika hasara ya kushuka kwa thamani ya mali zao za Tanzania. Kwao nchi nzima ilikuwa mstari mmoja kwenye hesabu, na gawio mwaka huo liliongezwa kama kawaida. Ukiwa mwenye hisa hilo ni jambo zuri, kampuni haitegemei nchi moja. Ukiwa mtoto wa Sikonge unalisoma mara mbili.

Dada wa Mwanga, Kigoma

Karani shikamoo. Nimefurahi sana hiyo ya makisio, nitaiiba. Mimi ni mhasibu, niko Kigoma mjini, huku kwetu ni mawese na dagaa ila mizania ni mizania.

Naomba niongeze kwenye deni. Usilipime siku moja. Kampuni hii inanunua Afrika kati ya Aprili na Septemba, kwa hiyo deni linapanda katikati ya mwaka wao na kushuka kuelekea Machi wanaposafirisha. Ukilinganisha Septemba na Machi utajitisha bure, au utajipa moyo bure. Linganisha Machi na Machi, Septemba na Septemba. Na ukitoa lile jani lenye oda kwenye deni, unapata picha ya kweli zaidi, kwa sababu hilo jani ni hela inayosubiri meli. Deni lililobaki baada ya hapo ndilo la kukesha nalo.

Kuhusu gawio. Mwaka ulioishia Machi 2024 walipata faida ya dola 4.78 kwa hisa wakatoa gawio la 3.20. Hiyo ni kama theluthi mbili, haina neno. Mwaka ulioishia Machi 2025 faida ilishuka mpaka 3.78 na gawio likawa 3.24. Hapo ni karibu asilimia 86 ya faida yote. Bodi yenye rekodi ya miaka 50 haitaki kuwa ile iliyoivunja, kwa hiyo wataongeza senti moja moja hata mwaka mbaya. Rekodi inawafunga mikono. Faida ikishuka tena kiasi hicho, gawio litaizidi, na pengo huenda likazibwa kwa mkopo.

Kodi pia. Ungenunua kwa jina lako ukiwa Tanzania, Marekani inakata asilimia 30 ya gawio kabla halijakufikia, kwa sababu hatuna mkataba wa kodi nao. 3.28 inakuwa kama 2.30, na asilimia sita yako inakuwa nne na kitu. Kwa jina la shemeji, makato hayo hayamhusu, ila gawio linakuwa kipato chake, na hisa ni zake kisheria. Akifariki ni mirathi yake. Akiachana na dada yako, Mungu apishe mbali, ni mali ya kugawana. Karatasi mliyoandikiana WhatsApp haitakusaidia mahakama ya North Carolina. Na ukitaka kutuma mwenyewe na kufungua akaunti huko, kuna kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu, pita benki yako wakuelekeze kabla hujatuma hata senti.

Hisa za Soko la Hisa Dar es Salaam unakatwa asilimia 5 tu kwenye gawio, na unafungua akaunti kwa simu.

Lakini kilichonifanya niandike ni kitu kingine, na naona kaka zangu wote mmekipita. Kijana, vipuri unauza lini zaidi?

KijanaWaIsevya

Dada, baada ya malipo ya tumbaku. Kuanzia Juni hivi mpaka Septemba wanakuja kutoka Sikonge, Uyui, Kaliua, wananunua pikipiki na vipuri. Masika ni ukame dukani, naishi kwa viraka na bomba.

Dada wa Mwanga, Kigoma

Ndiyo hapo. Duka lako linakula tumbaku. Shamba la mzee ni tumbaku. Sasa unataka na akiba yako iwe tumbaku. Mwaka ambao jani litajaa duniani na wanunuzi wakapunguza makisio, mzee atapunguziwa, wateja wako hawatakuja, na hisa itashuka, vyote kwa mpigo. Utauza hisa kwa bei mbaya ili ulipe mzigo wa dukani. Mtu wa Mbeya anayelima mpunga anaweza kununua hii hisa kwa amani kuliko wewe.

Mtu wa Ipuli

Nilisema UTT. Mkanicheka.

Karani Mstaafu, Urambo

Hakuna aliyekucheka Ipuli, hukutoa sababu tu.

Dada wa Kigoma, marahaba. Umenigusa penyewe. Ila nitatetea kidogo. Mnunuzi wa jani haumii kila mkulima anapoumia. Bei ikishuka kwa mkulima, ghala linahitaji mkopo mdogo, kilo zinaongezeka, riba inapungua. Mwaka wa kwanza wa neema ya mavuno mara nyingi ni mzuri kwake. Kinachomuua ni mwaka wa pili, akiwa bado na jani la mwaka wa kwanza lisilo na oda. Kwa hiyo hisa na duka havitaanguka siku moja, vitapishana. Kupishana kwenyewe si kinga lakini, nakubali. Na TCC asikimbilie kwa sababu ya hiyo asilimia 5 ya kodi, nayo ni tumbaku, ingawa ile inauza sigara kwa mvutaji na bei inapanga yenyewe, si sawa na ghala.

Mimi zangu TCC ninazo bado. Ila mimi sina duka.

KijanaWaIsevya

Nimewaelewa kuliko nilivyotegemea. Sasa naomba moja la mwisho kwa Karani, na usinizungushe mzee wangu. Kwa bei ya sasa ni ghali au rahisi?

Karani Mstaafu, Urambo

Sikuzungushi. Chukua bei dola 52. Kwa faida ya 3.78 unalipa mara kumi na nne hivi. Kwa faida ya mwaka uliotangulia, 4.78, unalipa mara kumi na moja. Kumi na moja kwa mwenye ghala anayebakiza tatu katika mia ni bei ya haki. Kumi na nne ni ya matumaini kwamba faida itarudi.

Upande wa mali, mtaji wa wenye hisa vitabuni umepita dola bilioni 1.4, na hisa zote hazifiki milioni 25. Gawanya, kila hisa ina zaidi ya dola 55 za vitabuni. Kwa hiyo soko linakuuzia ghala kwa pungufu kidogo ya vitabu. Wengine watakwambia hiyo ni bei ya kutupa. Mimi naona soko limeshaweka punguzo la Msumbiji, la riba, na la jani lisilo na oda. Ni haki, si bure.

Ningekuwa wewe, nisingenunua za dola 2,000. Ningenunua za mia tano kama shemeji ni mtu wa kuaminika, kwa ajili ya kujifunza kusoma hizo karatasi ukiwa na kitu ndani, maana bila kitu ndani hutazisoma. Na nisingenunua kabla ya ripoti ya mwaka, ambayo hutoka mwishoni mwa Mei. Iliyobaki isiwe tumbaku. Dada amekwambia kwa nini.

KijanaWaIsevya

Mia tano ni sawa. Shemeji nitamwambia asubiri Mei, na tuandikiane kwa wakili, si WhatsApp. Atanuna kidogo, yeye alishaanza kunipigia hesabu za gawio mpaka 2040.

Dada wa Mwanga, Kigoma

Na wewe utajwe mrithi kwenye akaunti yenye hizo hisa, hilo dalali wake analijua, ni fomu. Ni rahisi na halina kununiana, ila linahusu kifo tu, ya wakili iko pale pale.

Iliyobaki ungeiweka kwenye hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali kwa riba, kama unaweza kuiacha miaka. Mnada unatangazwa na Benki Kuu, benki yako inakuombea. Huku Kigoma walimu wengi wameingia huko.

Karani Mstaafu, Urambo

Sawa. Kijana, ripoti ya Mei ikitoka usisome kurasa zote mia. Jani lisilo na oda ni asilimia ngapi, deni la Machi hii na Machi iliyopita, hela taslimu iliyotoka kwenye biashara yenyewe, na gawio ni kiasi gani cha faida. Ziweke hapa hapa, tutazisoma wote. Na niulizie kwa mzee Sikonge, wamepewa makisio ya kilo ngapi msimu huu? Huku kwetu tumeongezewa, na sijui kama nifurahi.